Mlezi Mzee na Simu ya Mkononi: Kumuuguza Mwenzi Kando ya Ziwa

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, karatasi ya ruhusa huandikwa jina lake, dawa zake na tarehe ya kurudi kliniki. Jina la mtu atakayemgeuza usiku haliandikwi. Katika nyumba nyingi, kuanzia vilima vya mawe vya Igogo na Mabatini hadi visiwa vya Ukerewe, mtu huyo ni mke aliyekwisha kuvuka miaka 60, au mume ambaye maishani mwake hakuwahi kukoroga uji. Watoto wapo, lakini wako Dar es Salaam, machimboni Geita au katika kambi za uvuvi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaitambua familia kuwa ndiyo nguzo ya kwanza ya matunzo ya mzee. Swali gumu huzuka pale ambapo familia hiyo, mchana kutwa, ni wazee wawili tu. Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, limewaondolea watu wa Sengerema adha ya kusubiri kivuko. Lakini mke asiye na wa kumwachia mumewe hata kwa saa mbili hafiki Mwanza kwa daraja wala kwa kivuko. Kwake yeye, msaada sharti umfuate nyumbani.

Ulimwenguni njia hiyo imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizindua iSupport, mafunzo ya mtandaoni kwa wanaowatunza watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Yana sehemu 5 zenye masomo 23, na sehemu moja nzima inamhusu mlezi mwenyewe. Naona hiyo ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote, maana hapa kwetu mlezi anayesema amechoka hudhaniwa amemchoka mumewe.

Hata hivyo, masomo ya kusoma kwenye kioo cha simu hayamfai bibi mwenye mtoto wa jicho na kitochi. Kinachomfaa ni sauti. Muuguzi akirekodi kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, maelezo ya dakika mbili juu ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya malazo, mjukuu mwenye simu janja ataupokea ujumbe huo na bibi atausikiliza mara tatu bila kuona haya. Vivyo hivyo kuhusu kulisha: mgonjwa aketishwe wima, apewe kidogo kidogo, na akipaliwa au sauti ikawa ya majimaji, asilazimishwe kumeza, bali arudishwe kwa wataalamu haraka. Mwenye kitochi anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo, au kupigiwa na muuguzi anayemfahamu.

Lipo jambo jingine linaloifanya simu iwe na uzito wa pekee katika eneo hili. Uchunguzi uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulionyesha kwamba takriban watu 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Usukumani, bibi anayetangatanga usiku na kusema maneno yasiyoeleweka anaweza kuitwa mchawi. Macho mekundu, ambayo mara nyingi ni matokeo ya moshi wa jikoni wa miaka mingi, yamewagharimu wanawake wazee uhai wao. Kwa hiyo mume humfungia mkewe ndani, wala hamwambii jirani. Kusikia sauti ya mtu wa Magu au Misungwi akieleza hali iyo hiyo, na mtaalamu akiitaja kwa jina kuwa ni maradhi ya ubongo, kunaweza kumwokoa mke na kumtuliza mume.

Lakini siri hiyo ilindwe. Picha ya mgonjwa aliye uchi, hata kama ni ya kidonda, isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Itumwe kwa mtaalamu peke yake, tena kwa ridhaa. Msimamizi wa kundi awe mhudumu wa afya anayejulikana, awaondoe bila ajizi wauzaji wa dawa za kuponya kiharusi kwa siku saba na wale wa “tuma kwenye namba hii”.

Nasi wahudumu tuna deni dogo la kulipa kliniki. Mzee anapoletwa na mkewe, mama huyo naye apimwe shinikizo la damu, aulizwe dawa zake mwenyewe alizimeza lini. Kisha namba yake ya simu iandikwe kwenye faili, pamoja na saa anayoweza kupokea: si asubuhi, wakati anamwogesha mumewe, bali alasiri, mzee akiwa amelala.