Je, Wajua? Maiki Chini ya Mabati

Je, wajua kuwa maiki ya dainamiki, ile ya waya yenye kichwa cha wavu ambayo wahubiri, wanakwaya na maemsii hushika kuanzia Mautuma hadi Lumakanda, haihitaji betri? Ndani yake mna utando mwembamba, koili ya waya na sumaku. Ukisema, utando hutikisika, koili husogea penye sumaku, umeme huzaliwa. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831.

Umeme wenyewe ni haba mno. Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966 na ambayo ingali madukani, hutoa takriban milivolti 2 tu mtu akisema kwa nguvu karibu nayo. Ndiyo maana uchafu wowote unaoingia kwenye waya hukuzwa pamoja na neno la mhubiri.

Je, wajua la kufanya mvua inapoyapiga mabati katikati ya mahubiri? Wengi hukimbilia volumu, na hapo mvua nayo hupanda. Dawa ni umbali kati ya mdomo na maiki. Kila unapoupunguza kwa nusu, sauti yako ndani ya maiki huongezeka kwa desibeli 6, nayo mvua hubaki ilipokuwa. Toka sentimita 20 hadi 5: umepata desibeli 12 na hakuna aliyegusa mixa. Ukisogea hivyo besi itajaa, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kukata besi, kile cha hetsi 80 au 100. Kitapunguza pia ngurumo za jukwaa na vishindo vya mkono.

Tazama mkono wa kijana anayesifu: vidole vinne vimeukumbatia wavu, kidole gumba juu. Anaua maiki. Nyuma ya utando kuna matundu yanayoingiza sauti za nyuma na kuzifanya zijifute zenyewe. Ukiyaziba, maiki husikia kila upande, spika zikiwemo, na mlio mkali huanza. Wafaransa huuita mlio huo kwa jina la Søren Larsen, mwanafizikia wa Denmaki. Shika mpini!

Je, wajua kuwa si kila maiki ni kiziwi mahali pamoja? SM58 hukataa zaidi sauti inayotoka nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita iwekwe hapo, imtazame mwimbaji. Zile za aina ya superkadioidi, kama Beta 58A, hukataa vizuri zaidi kwenye nyuzi kama 120, yaani nyuma kwa pembeni. Soma karatasi ya maiki yako kabla ya kupanga jukwaa.

Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mlio. Kwaya ikikaa, zima zake.

Mvumo mzito usiokoma je? Umeme wa Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wa hetsi 50 au 100 ni alama yake. Waya wa XLR, wenye pini tatu, hubeba sauti katika nyaya mbili zilizo kinyume, na mixa hufuta kilichoingia sawasawa katika zote mbili. Waya wa jeki wa maiki za bei rahisi hauna kinga hiyo, basi uwe mfupi. Usiulaze sambamba na waya wa umeme. Ukilazimika, ukatize kwa pembe mraba.

Lakini usikate waya wa ardhi kwenye plagi ili kuua mvumo, hata fundi akuambie ndivyo afanyavyo kwenye matanga yote. Maiki ni chuma, jenereta hukaa kwenye nyasi zenye umande, na volti 240 zinaweza kumuua anayeimba. Afadhali watu wavumilie mvumo.

Na je, wajua kuwa Kanuni za Kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinaweka desibeli 40 mchana na 35 usiku kwa sehemu za ibada? Hiyo ni sauti ya chini sana.

Mwisho, ule wavu hufunguka kwa kuzungushwa. Sponji iliyo ndani hunasa mate na vumbi la Jumapili nyingi, na maneno hufifia. Ioshe kwa maji na sabuni kidogo, iache ikauke kabisa, kisha uifunge tena kabla ya ibada ijayo.