Watoto wa Kilatini na Rekodi za Vitenzi Vyao

Hasara kubwa kuliko zote iliipata kauli ya kutendwa. Mrumi alisema amatur, neno moja tu, na akaeleweka: anapendwa. Kilatini kilikuwa na safu nzima za miisho ya namna hiyo, lakini hakuna hata lugha moja iliyozaliwa nacho iliyozirithi. Mwitalia leo husema è amato, kitenzi cha "kuwa" kikifuatwa na neno la pili. Sisi tunaopachika -w- na kuendelea na safari tunaweza kupima ukubwa wa kilichopotea.

Wakati ujao nao ulikufa, ila huo ulifufuka. Amabo, "nitapenda", ilitoweka kila mahali. Watu wakashika desturi ya kusema amare habeo, yaani nina jambo la kupenda, mpaka maneno hayo mawili yakagandana: aimerai kwa Kifaransa, amaré kwa Kihispania, amerò kwa Kiitaliano. Mfano unaohesabiwa kuwa mkongwe zaidi umo katika kitabu cha historia cha Fredegar, cha karne ya 7. Kaisari Justinian anamdai mfalme wa Uajemi majimbo; mfalme anakataa, non dabo, sitatoa. Justinian anamjibu: daras, utatoa! Ndipo mji wa Dara, anadai mwandishi, ulipopata jina. Asili hiyo ya jina ni hadithi tu, lakini kwa mpenzi wa sarufi ni hazina, maana katika majibizano ya maneno matatu wakati ujao wa kale na ule mpya wanatazamana uso kwa uso.

Taji la utajiri nakipa Kireno, wala sisiti. Kwanza, kiungo cha zamani kati ya maneno yale mawili bado kinafunguka: dar-te-ei, "nitakupa", ambapo te, "wewe", imeingia katikati ya kitenzi kama -ku- yetu. Siku hizi ni mtindo wa maandishi rasmi, na Wabrazili katika mazungumzo hawautumii, lakini upo. Pili, kitenzi-jina chake huchukua nafsi: falar ni kusema, falarmos ni kusema kwetu, falarem ni kusema kwao. Kigalisia, ndugu yake wa jirani, kinacho pia. Tatu, Mreno akisema quando vieres, "utakapokuja", anatumia umbo maalumu la jambo linalongojewa, ambalo Kihispania kimeliachia lugha ya sheria. Kireno hulitumia sokoni na nyumbani kila siku.

Kiromania kimejitenga na wenzake. Badala ya "kuwa na" kilichagua "kutaka": voi cânta, nitaimba. Ndivyo tulivyofanya na sisi, kwani -ta- yetu ilitokana na taka.

Kwa ujasiri, hakuna anayekipita Kikatalani. Mfaransa akisema je vais chanter, anakwenda kuimba, bado hajaimba. Mkatalani akisema vaig cantar, kwa kitenzi kilekile cha "kwenda" kilichotoka Kilatini, wimbo umekwisha: niliimba. Lugha hizi mbili zinapakana, na Perpignan zimekaa mji mmoja.

Kifaransa kinaongoza kwa miisho bubu. Parle, parles, parle, parlent: maandishi yanatofautiana, sikio linasikia sauti moja, hivyo kiwakilishi cha mtenda kwa kawaida hakiachwi. Kihispania nacho kina kitenzi kilichochanganyika sana, ir, "kwenda", kilichoshonwa kwa vitenzi vitatu vya Kilatini: voy kutoka vadere, iré kutoka ire, na fui kutoka esse. Fui hiyohiyo ni "nilikwenda" na pia ni "nilikuwa"; muktadha ndio huamua.

Wa mwisho ni Kisardinia, lugha inayotajwa mara nyingi kuwa karibu zaidi na mzazi. Cantas, cantat, cantant: unaimba, anaimba, wanaimba. Kiitaliano, ng'ambo ya maji, kimezidondosha s na t hizo zote. Kisardinia bado kinazitamka.