Je, Wajua? Injini Isiyo na Pampu ya Oili

Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, haina pampu ya oili wala geji ya presha. Flaiwili ndiyo huirusha oili, na sehemu ya oili hiyo hupitia bomba jembamba hadi mbele ya injini. Bomba likiziba, konrodi ya mbele hukaukiwa.

Injini ikigonga, fundi hufungua kisanduku cha koili nne na kuzima silinda mojamoja kwa kubana kwa kijiti ulimi unaotetema wa koili yake. Mlio ukififia, beringi ya konrodi ya silinda hiyo imelegea. Ukiwahi, tiba ni nyepesi: kifuniko cha konrodi hupigwa tupa kidogo kidogo, huku kikijaribiwa, hadi krenki izunguke bila kubana wala kucheza. Oili nzito peke yake huficha tu mlio.