Guangzhou Zaidi ya Mzigo

Mwaka 1983, mafundi waliokuwa wakisawazisha kilima katikati ya jiji la Guangzhou ili kujenga nyumba za ghorofa walifukua mawe yaliyopangwa kwa mkono wa binadamu. Chini yake palikuwa na kaburi la Zhao Mo, mfalme wa pili wa dola ya Nanyue, aliyezikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita akiwa amevikwa vazi la vipande vya jade vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri. Alizikwa na vyombo vya shaba, kisanduku cha fedha cha mtindo wa Uajemi, na pembe tano za ndovu. Pembe hizo wataalamu wamezitambua kuwa za ndovu wa Afrika.

Leo kaburi hilo ni makumbusho, kwenye barabara ya Jiefang Kaskazini, jirani na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Yuexiu Park. Ukipanda treni hapo, ukashuka kituo kikuu cha reli na kubadilisha laini, kituo kinachofuata ni Xiaobei. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala hawahitaji kuelezwa Xiaobei ni wapi. Wanajua nani anauza nywele za bandia, nani ana vipuri, wakala gani anakusanya mizigo ya kichele mpaka kontena lijae. Lakini nimezungumza na watu waliokwenda na kurudi miaka nenda rudi, na wengi wao hawajawahi kuingia katika makumbusho yale.

Siwalaumu. Safari ya mzigo huendeshwa kwa hesabu kali; kila usiku wa hoteli unakula faida. Ombi langu ni dogo: anayepanga kwenda Guangzhou, awe anafuata bidhaa, anampeleka mtoto chuo au anakwenda kutembea tu, autengee mji wenyewe siku mbili. Ni mji wenye watu zaidi ya milioni 18, na umekuwa ukipokea wageni wa baharini tangu zama ambazo Waarabu na Waajemi walikuja na pepo za msimu, pepo zilezile zilizoleta majahazi Kilwa na Mombasa. Vipande vya kauri za Kichina vilivyochimbuliwa Kilwa na Gedi ni ushahidi kwamba sisi nasi tulikuwemo katika mtandao huo.

Anza na kalenda, maana ndiyo inayoharibu safari nyingi. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yanayofanyika tangu 1957, huja mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na hugawanywa katika awamu tatu. Siku hizo bei za vyumba hupanda na hoteli nzuri hujaa mapema. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, China nzima iko barabarani. Mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, hufunga viwanda na maduka ya jumla kwa siku nyingi, kabla na baada ya sikukuu yenyewe. Kuanzia Aprili hadi Septemba kuna mvua na joto la unyevu ambalo mtu wa Dar es Salaam atalitambua mara moja. Miezi ya Julai hadi Septemba huwa na vimbunga. Kama uamuzi ungekuwa wangu, ningekwenda Novemba. Mvua imepungua, hewa imepoa, na maonyesho yakishamalizika jiji linapumua.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza kabla ya kuondoka. Ya utalii huitwa L, ya biashara M, na hii ya pili huendana na barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji wako China. Chukua na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Baada ya viza, shughuli kubwa ni simu. Hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu msafiri anayetua bila kuiandaa simu yake atateseka kuanzia uwanja wa ndege. WhatsApp, Google, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China. Laini yako ya nyumbani, ikiwashwa huduma ya kutumika nje ya nchi, kwa kawaida huzifungua, kwa kuwa data yake hupitia mtandao wa nyumbani. Uliza gharama kabla, maana inaweza kuwa kubwa. Pakua WeChat na Alipay ukiwa bado kwako. Tangu 2023 programu hizo zimewarahisishia wageni kuunganisha kadi za benki za Visa na Mastercard, na uthibitisho wa pasipoti na namba za siri za benki ni vyema zikufikie kabla hujapanda ndege. Watu wetu waliozoea kulipa kwa M-Pesa hawatashangaa: muuza machungwa ana karatasi yenye alama ya kuskani, dereva wa teksi vilevile. Fedha taslimu bado ni halali, lakini chenji ndiyo tatizo. Hifadhi jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina kwenye simu, na kwenye karatasi pia, kwa siku ambayo chaji itakwisha na utabaki na karatasi hiyo mkononi.

Sasa siku mbili zenyewe. Makumbusho ya mfalme wa Nanyue yastahili asubuhi nzima, na usiyakimbilie. Ukitoka, bustani ya Yuexiu iko karibu, na mbali kidogo na kelele za barabara kuna msikiti na kaburi ambalo Waislamu wa huko wanaliheshimu kuwa la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wengi hawakubali kwamba sahaba huyo alifika China. Hata hivyo Ijumaa pale hukusanyika Wachina wa kabila la Hui, Waarabu, Wapakistani, Waafrika wa magharibi na wa mashariki, safu moja. Msikiti wa Huaisheng, kwenye mtaa wa Guangta, una mnara mviringo wa mita kama 36, na inasimuliwa kwamba uliwaongoza mabaharia enzi hizo mto ulipokuwa karibu zaidi.

Siku ya pili nenda Shisanhang. Leo ni soko la nguo za jumla, lenye wabeba mizigo na mikokoteni inayokupigia kelele upishe. Kuanzia 1757 hadi mwisho wa Vita vya Kwanza vya Kasumba, 1842, eneo hilo ndilo lililokuwa na maghala ya Wazungu, wakati Guangzhou ilipokuwa bandari pekee ya China iliyofunguliwa kwa meli za Ulaya. Chai, hariri na kauri zilitokea hapo. Maghala yaliungua 1856, na baadaye Waingereza na Wafaransa wakapewa kisiwa cha Shamian, mwendo mfupi kwa miguu. Majumba yao yangalipo chini ya miti mikubwa ya jamii ya mikuyu, na wazee hufanya mazoezi kivulini. Kutoka msukumano wa Shisanhang hadi Shamian ndipo unapoona jinsi biashara ilivyoujenga na kuujeruhi mji huu.

Usiondoke bila kunywa chai ya asubuhi kama wenyeji. Familia nzima hukaa kuzunguka meza, vikombe husuuzwa kwa chai ya moto, kisha huja vikapu vya mianzi: har gow zenye kamba ndani ya unga mwembamba, cheung fun za unga wa mchele, miguu ya kuku. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili; ndiyo shukrani yao. Nguruwe yumo katika vyakula vingi, hivyo asiyemla atafute migahawa yenye neno qingzhen, mara nyingi kwa maandishi ya kijani na Kiarabu pembeni. Tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou zinapatikana kila pembe.

Mnara wa Canton, mita 600, utauona hata usipoutafuta. Upande usiku kama una nafasi.

Kuna jambo zito ambalo msafiri Mwafrika anapaswa kulijua. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, na mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakaandika barua ya malalamiko. Watu walilala barabarani. Waliokuwepo hawajasahau, na hatuna sababu ya kuwataka wasahau. Biashara imerudi, Xiaobei ina wageni tena, ila tembea na pasipoti yako. Hoteli hukuandikisha polisi yenyewe; ukilala kwa ndugu au rafiki, ni wajibu wako kujiandikisha ndani ya saa 24. Mwenyeji akisema si lazima, nenda tu.

Na hizo siku mbili ziweke mwanzoni. Guangzhou iko saa tano mbele yetu, kwa hiyo siku ya kwanza mwili haujawa tayari kujadili bei na mtu yeyote, lakini kwa kutembea unatosha. Siku za mwisho usiziamini: kiwanda kitachelewesha, wakala atapima upya, na utajikuta ghalani ukihesabu maboksi huku saa ya ndege inakaribia.