Kinga Haiondoi Utunzaji

Hapa Ganjoni, gari lililazwapo nje huamka limejaa kinyesi cha kunguru na chumvi ya upepo wa bahari. Wengi hudhani kwamba rangi iliyopakwa kinga ya kauri haidhuriki. Sivyo: kinga hiyo ni utando mwembamba, na kinyesi kikikaukia juani huila. Mwanangu alikisugua kikavu kwa waya wa sufuria, mikwaruzo ingalipo.

Enyi wazazi, wafundisheni vijana. Gari likae kivulini mpaka lipoe. Kinyesi kifunikwe kwa kitambaa kilicholowa hadi kilainike, kisha kiinuliwe bila kusuguliwa. Ndipo lioshwe kwa sabuni laini ya gari, lisuuzwe na kukaushwa. Ndoo mbili zatosha: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Maji ni adimu mjini petu, na israfu haifai.