Mwandani wa Mwenye Sihiri na Hukumu ya Mezani

Katika nchi ya Wasukuma, ambamo Mwamanyili ya mkoa wa Simiyu imo, habari ya mnyama amtumikiaye mtu wa siri si ngeni, kwani wacheza ngoma waitwao Bayeye hucheza na nyoka mikononi, na fisi wa usiku wengi wamemdhania kipando cha wachawi. Msomaji wa huko, basi, hatastaajabia mchezo wa Dungeons & Dragons, walioubuni Gary Gygax na Dave Arneson, ukachapishwa huko Marekani mwaka 1974, ambao wachezaji wake huketi mezani wakisimulia hadithi, kete zikiamua ya bahati na msimamizi akihukumu yaliyosalia.

Humo mwenye sihiri, kwa muda wa saa nzima, huteketeza makaa, ubani na mitishamba katika chetezo cha shaba, hata ruhani amjie katika umbo la bundi, paka au nyoka, awe mwandani wake. Kanuni za mwaka 2014 zamkataza mwandani huyo kushambulia, ila mengine aweza kuyatenda. Na hapo ndipo mijadala izukapo. Bundi akimpapatikia adui usoni ili mwenziwe apige kwa wepesi, hajashambulia: huo ni msaada, nao umeruhusiwa bayana. Je, akimmwagia adui mafuta yawakayo? Kanuni hizo huhesabu tendo hilo kuwa shambulio, hivyo hakimu mwadilifu hana budi kukataa; nami naona ni sawa, maana mwandani amekusudiwa kuwa macho na masikio ya bwana wake, ambaye, madamu hawajaachana zaidi ya futi 100, aweza kuona kwa macho ya mnyama huyo, naye mwenyewe kwa kitambo hicho akawa kipofu na kiziwi.