Mtandao wa Wengi na Kasoro ya Mmoja

Mji wa Tunduma, katika mkoa wa Songwe, uko mpakani mwa Tanzania na Zambia. Ng'ambo ya pili ni mji wa Nakonde. Magari makubwa yatokayo Dar es Salaam hupita hapo kwenda Zambia na Kongo, na kila gari lina hati za mizigo yake. Zamani hati hizo zilikuwa karatasi tupu. Siku hizi habari zake hupelekwa kwa kompyuta. Mtandao wa kompyuta ukivurugika, magari husimama, na madereva hungoja juani. Basi yafaa tujue kwa nini chombo kimoja kibovu huweza kuwazuia watu wengi ambao vyombo vyao ni vizima.

Kwanza tutazame jinsi kompyuta zinavyosemezana. Mwaka 1973, huko Marekani, Robert Metcalfe alibuni njia ya kuunganisha kompyuta nyingi kwa waya mmoja. Sharti lake lilikuwa kama la baraza: atakaye kusema na asikilize kwanza, akisikia mwingine anasema, anyamaze. Wawili wakianza kwa mara moja, wote wakome, kila mmoja angoje kitambo chake, kisha ajaribu tena. Kwa adabu hiyo wengi waliweza kutumia waya mmoja pasipo ugomvi.

Lakini fikirini baraza ambamo mtu mmoja amepandwa na homa, naye anaropoka bila kukoma. Wengine ni wazima, nao wananyamaza wakingoja zamu. Zamu haiji kamwe. Ndivyo ilivyokuwa kifaa cha mtandao kilipoharibika ndani ya kompyuta moja, kikatoa ishara zisizo na maana mfululizo. Adabu ya wengine ndiyo iliyowafunga.

Siku hizi, kwa kawaida, kila kompyuta ina waya wake uendao kwenye kisanduku kiitwacho swichi, nacho hupokea ujumbe na kuupeleka kwa mwenyewe. Hata hivyo hatari haikwisha. Mtu akichomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ile ile, amefanya duara. Ujumbe uliokusudiwa kwa wote huzunguka humo tena na tena, ukiongezeka, mpaka ujumbe mwingine hauna nafasi ya kupita. Swichi nyingine zina kinga ya jambo hilo, lakini si zote.

Tena kuna kelele zitokazo nje. Waya wa shaba uliolazwa kando ya waya wa umeme wenye nguvu huweza kuokota kelele zake, na ujumbe ukafika umeharibika. Mtandao upitao hewani nao huvurugwa na oveni ya maikrowevu, maana mara nyingi vyote viwili hutumia mawimbi ya namna moja.

Mkongo wa taifa wa Tanzania hutumia nyuzi za kioo, na habari hupita ndani yake kama mwanga. Kelele za umeme haziwezi kuingia humo. Lakini uzi wa kioo hukatika, kwa jembe la mchimbaji au kwa nanga ya meli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Kompyuta za watu zilikuwa nzima. Njia ndiyo iliyoharibika.

Je, fundi huutafutaje ubovu? Hamlaumu mtu kwa kubahatisha. Huchomoa waya mmoja, akatazama. Mtandao usipopona huurudisha, akachomoa wa pili. Mtandao ukipona mara achomoapo waya wa tano, hujua kwamba ubovu uko upande wa waya huo, naye huukagua pamoja na kifaa chake.

Nanyi wanafunzi, katika chumba cha kompyuta msichomeke waya msioujua uendako. Mkiona waya uliochubuka au kifaa chenye kasoro, msikifiche. Mwambieni mwalimu mapema. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Lakini katika mtandao wenzake ni wazima bado, na yule mbovu akiondolewa, kazi ya wote huendelea.